Miaka mitatu nimesikiliza santuri nisiyoipenda ili nisimvunje moyo Mzee Salum

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, na kwa wenzangu mambo vipi.

Niko dukani hapa Kasulu, mvua imeshika tangu asubuhi, wateja hakuna. Nimeona bora nitoe hili ambalo nimekaa nalo muda mrefu. Ni kweli tupu. Nilichobadilisha ni majina tu, maana wahusika wako hai na mmoja wao ana mjukuu anayeshinda humu jukwaani.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni Muha wa Titye, nauza vipuri vya pikipiki hapa mjini. Nina mke na binti mmoja, Grace. Ugonjwa wangu ni mmoja tu, santuri. Zile sahani nyeusi za muziki wa zamani. Wenzangu wananunua viwanja, mimi nanunua sahani zenye mikwaruzo.

Gramafoni yangu niliipata kwa familia moja ya Kirundi iliyokuwa inafungasha kuondoka Mtabila, enzi zile kambi ya wakimbizi inafungwa. Nilienda kununua godoro. Nikarudi na gramafoni. Tulilala kwenye mkeka miezi miwili na mama Grace hajasahau.

Sasa kuna jambo ambalo sisi wakusanyaji huwa hatulisemi mbele za watu.

Hatupendi kila tulicho nacho. Mimi nina santuri mia na kidogo, na karibu nusu yake siwezi kuzisikiliza. Nina kwaya moja ambayo mama mmoja wa sauti ya kwanza anawatangulia wenzake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, utadhani ana basi la kuwahi. Nina mpiga gita ambaye kila mkusanyaji nchi hii anamsifia, mimi nikimsikia meno yanauma. Nina bwana mmoja anayeimba kuhimiza wananchi wachimbe vyoo, pande zote mbili za sahani.

Kuzitupa siwezi kwa sababu ni adimu. Kuzisikiliza pia siwezi. Zimekaa tu kabatini kama ndugu wa mbali.

Lakini zote hizo ni cha mtoto mbele ya Mzee wa Mluzi.

Huyu nilimpata Murungu, kule Kibondo. Kuna mama mmoja, Mama Nestori, alikuwa anahamia kwa mwanawe, akawa na boksi la santuri za marehemu mumewe. Nikaambiwa, nikaenda. Nikapekua, nikachagua kama kumi. Mama Nestori akatikisa kichwa.

"Unachukua zote au unaacha zote."

Nikachukua zote. Nilipofika kwenye sahani moja ndogo, karatasi yake ya katikati imebanduka, jina la msanii halipo, akacheka peke yake.

"Ego, ndiyo, hata hiyo. Hiyo hasa. Ukifika nayo Kasulu usinirudishie."

Nilidhani ni utani wa wazee.

Nikafika nyumbani, nikaiweka. Wakuu, sijui nianzie wapi. Ni mwanaume mmoja na kinanda cha mkono. Anamwomba mwanamke amfungulie mlango. Akiomba mara mbili, anapiga mluzi. Si mluzi wa kawaida. Ni mluzi mwembamba, mrefu, unaingia sikio hili na haukubali kutokea la pili. Kisha anaomba tena. Unageuza upande wa pili ukitarajia nafuu, unakuta ni sehemu ya pili ya wimbo uleule. Mwanamke bado hajafungua, na mimi ninamwelewa kabisa.

Mama Grace alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaniuliza nani analia hapo nje.

Nikaiondoa. Nikaweka nadhiri kwamba haitachezwa tena nyumba hii. Na nadhiri hiyo niliitimiza. Tatizo lilikuwa kwenye nyumba nyingine.

Ngoja, kuna mteja wa cheni.

Nimerudi.

Sasa Kibondo mjini kuna mzee anaitwa Mzee Salum. Ana duka la vitenge na mashuka. Kwao ni Pangani, ila amekaa Kibondo tangu ujana, watoto wake wote wamezaliwa huku na wanaongea Kiha kuliko mimi. Naye ni mgonjwa wa santuri. Nilipewa habari zake na fundi pikipiki mmoja ninayemuuzia vipuri, nikaenda kumsalimu.

Wakuu, sijawahi kupokelewa vile. Mkewe, Bi Mwanaisha, alipika wali wa nazi na maharage. Nazi yenyewe ilitoka Tanga. Mzee akanionyesha santuri zake moja baada ya nyingine, anazifuta kwa kitambaa laini kama anamfuta mtoto uso. Mkanda wa gramafoni yangu ulikuwa umelegea, akanipa wa kwake wa akiba, hata sikuomba.

Nilipoondoka nikasema safari ijayo lazima niende na zawadi.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilifungua kabati langu, nikatazama zile ninazozipenda, mkono ukawa mzito. Nikatazama zile nisizozipenda, mkono ukawa mwepesi. Nikamchukua Mzee wa Mluzi.

Labda ningempa kimyakimya mambo yangeisha. Lakini mtu akitoa kitu asichokitaka, mdomo unajituma kukipamba. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, nikasema:

"Mzee, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizonazo. Nimeona hakuna anayestahili kuitunza zaidi yako."

Mzee Salum akaishika, akaigeuza. Akasema, "Kijana wangu, hii ni dhahabu umenipa."

Nikaitikia, "Dhahabu kabisa."

Akaicheza palepale. Nikafumba macho nisionekane ninavyokunja uso. Yeye akaona nimefumba macho, akajua nimeguswa.

Kuanzia siku ile, kila mwezi nikipeleka vipuri Kibondo napitia kwa mzee. Tunakula. Tunanawa. Kisha anasimama, anafuta sahani, anasema, "Sasa tumpigie mgeni wimbo wake."

Wimbo wangu, wakuu. Pande zote mbili. Na siku akiwa na furaha, anarudia.

Miaka mitatu.

Aliagiza hadi sindano mpya Dar kwa ajili ya sahani ile, eti ya zamani inaionea. Wateja wakiingia dukani ananitambulisha, "Huyu ndiye aliyeniletea ile." Na mimi natabasamu.

Kitu kimoja sikukielewa kwa muda mrefu. Kila mzee akiinuka kwenda kwenye gramafoni, Bi Mwanaisha alikuwa anatoka kwenda kuanua nguo. Mvua ikinyesha anakwenda. Jua likiwaka anakwenda. Kuna siku nilichungulia dirishani, kamba ilikuwa tupu, yeye amesimama pale ameshika vibanio.

Najua mtauliza kwa nini sikusema mapema. Naomba mnielewe. Hawa si watu wa kusalimiana tu. Mama yangu alipolazwa hospitali Kibondo, wiki mbili nzima Bi Mwanaisha alikuwa anampelekea uji asubuhi na chakula mchana, na mimi nililala sebuleni kwao. Mzee alifunga duka siku ya upasuaji, akakaa na mimi nje ya wodi. Kwa watu kama hao, unavumilia mluzi.

Mwaka huu mwanzoni, ndipo Bi Mwanaisha akanivizia. Mzee alikuwa ameenda msikitini kuswali adhuhuri. Mama akaketi mbele yangu na sinia la mchele anaopeta.

"Baba Grace, mimi ni kama mama yako, au sivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Basi nikuombe. Ukija hapa, usimwombe tena mzee akupigie ile sahani."

Nikashangaa. "Mama, mimi siombi. Anaipiga mwenyewe."

Akaacha kupeta. "Huombi?"

"Sijawahi kuomba hata siku moja. Ananipigia kwa sababu anaipenda."

"Nani anaipenda? Mzee huyu?" Akaweka sinia chini. "Mwanangu, mzee akisikia unakuja kesho, anameza dawa ya kichwa kabla hujafika. Ananiambia, mwenzangu vumilia, kijana anaipenda sana, aliviacha vyote akanipa kile cha moyoni."

Wakuu, nilipiga hesabu palepale.

Miaka mitatu mimi nateseka kwa ajili yake, naye anateseka kwa ajili yangu, na huyu mama anashinda kwenye kamba ya nguo kwa ajili yetu wote wawili.

Nikamwambia, "Mama, basi mwambie wewe."

"Mimi tena? Zawadi umeitoa wewe. Mwambie wewe."

Mzee akarudi. Tukala. Akasimama, akafuta sahani. Mimi na Bi Mwanaisha tukatazamana. Hakuna aliyesema. Mama akatoka kwenda kuanua.

Njia nzima kurudi Kasulu nilipanga maneno. Mwezi uliofuata nikaenda nimejiandaa kabisa. Tukala, tukanawa, mzee akainuka. Nikasema, "Mzee, kaa kwanza."

Nilikuwa nimepanga kusema taratibu. Niseme kwamba najua na yeye haipendi, tucheke, yaishe. Lakini ulimi ukateleza. Kilichotoka ni hiki:

"Mzee, usiipige. Mimi sahani hiyo sijawahi kuipenda, tangu siku ya kwanza."

Akabaki ameshika kitambaa.

"Tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo, mzee."

"Siku uliyoniletea?"

Hapo nikaona nilipoingia. Nikajaribu kuongeza maneno, yakazidi kuharibu. Mzee akairudisha sahani kwenye ganda lake polepole, akaitia kwenye mfuko wa duka, akaniwekea mapajani.

"Kwa hiyo ulikuwa na takataka, ukaona pa kuitupa ni kwangu. Halafu ukaja kila mwezi kunitazama ninavyoiabudu."

Hakupandisha sauti. Angepandisha sauti ningepata nafuu. Akachukua kofia yake, akaenda msikitini, na ilikuwa bado karibu saa nzima kabla ya alasiri. Nilisubiri mpaka gari la mwisho la Kasulu. Hakurudi.

Nilimsimulia mama Grace. Yeye huwa na maneno mengi, lakini siku ile alisema moja tu. "Wale wazee walimlisha mama mkwe wangu." Akaendelea kukunja nguo.

Nikapiga simu. Haipokelewi. Nikatuma ujumbe wa kumwomba radhi. Kimya. Mwezi ukapita. Nilipokwenda tena Kibondo nikapitia dukani. Mzee alikuwepo, akanipokea vizuri tu, akaniuliza habari za safari. Nikachukua kitenge kimoja cha mama Grace ili nipate sababu ya kukaa. Akanifungia, akanipa, akasema:

"Karibu tena, mteja."

Mteja.

Wakuu, nimetukanwa na watu wengi kwenye biashara hii. Kuna mtu alishanirushia plagi. Hakuna kilichoniuma kama lile neno.

Mwezi wa pili nao ukaisha. Siku moja simu ikaita, ni Bi Mwanaisha, anaongea chini chini.

"Mwanangu, huyu hajakasirikia sahani. Sahani angeifurahia iondoke. Anachosema ni kwamba ulipokuwa unafumba macho, ulikuwa unamcheka. Miaka yote hiyo unamcheka nyumbani kwake, na chakula chake tumboni. Hicho ndicho hakimtoki."

Nikaelewa. Mimi nilikuwa naomba radhi kwa zawadi mbovu, kumbe kosa analolijua yeye ni jingine, na hilo sikulitenda.

Kesho yake sikufungua duka. Nilitaka kuchukua santuri yangu nzuri kuliko zote nimpelekee. Mama Grace akanizuia.

"Tena na zawadi? Nenda na ileile. Kama ni kesi ya sahani, sahani iwepo."

Nikafika Kibondo kabla ya mchana. Mzee alikuwa uani anakarabati kiti. Nikamwamkia, akaitikia. Nikakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa.

"Mzee, nimekuja kusema mambo mawili, kisha ukinifukuza nitaondoka. La kwanza, nilikudanganya. Nilisema naipenda na ilikuwa uongo. Nilikuwa mchoyo wa zile nzuri. Naomba unisamehe."

Akaendelea na kiti.

"La pili, sikukucheka. Hata siku moja. Nilikuwa nafumba macho kwa sababu nilikuwa nateseka."

Mkono wake ukasimama. "Unateseka vipi?"

"Mzee, nilikuwa nahesabu miluzi ili muda upite. Kama mtu aliye kwenye foleni anavyohesabu vigae ukutani. Upande wa kwanza kumi na tisa, upande wa pili ishirini na mbili. Arobaini na moja. Nikifika thelathini najua nakaribia kupona."

Mzee akaweka nyundo chini. Nikadhani sasa ananifukuza.

Akasema, "Arobaini na tatu."

"Nini, mzee?"

"Miluzi. Ni arobaini na tatu. Nimehesabu miaka mitatu, huniambii kitu."

"Mzee, ni arobaini na moja."

"Umeruka miwili ya mwanzo wa upande wa pili, anapiga haraka haraka."

Kabla sijajibu, sauti ikatoka mlangoni. Bi Mwanaisha amesimama na vibanio mkononi.

"Wote mmekosea. Ni arobaini na mbili. Mimi nahesabu nikiwa kambani, na huko nje inasikika vizuri kuliko huko ndani."

Tukatazamana, watu watatu wazima.

Mzee ndiye aliyeanza kucheka. Alianza mabegani, bila sauti, kisha ikamshinda, akashika kile kiti kibovu kikavunjika kabisa. Bi Mwanaisha akakaa chini kwenye mkeka. Mimi nilicheka na machozi yananitoka, na sehemu ya machozi yale haikuwa ya kicheko, sitawaficha.

"Kumbe tulikuwa watatu mule ndani," mzee akasema, anajifuta macho kwa kofia. "Na mimi nilidhani niko peke yangu."

Kisha akatulia. "Lakini dhahabu ulisema."

"Nilisema, mzee. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na mimi nilikuwa nakuambia inanituliza, na kichwa kinapasuka. Tumelipana. Sahani iko wapi?"

Nikaitoa kwenye mfuko. Tukaingia ndani. Mara ya kwanza kwa miaka mitatu Bi Mwanaisha akakaa nasi, ana punje za maharage kwenye sinia, kila mluzi punje moja. Pande zote mbili, bila mtu kufumba macho.

Maharage yalikuwa arobaini na mbili.

Mzee akakataa. Anasema mwisho wa upande wa kwanza kuna mluzi umekatwa na mkwaruzo, na mluzi uliokatwa ni mluzi. Mimi nasema pale yule bwana alikuwa anavuta pumzi. Hadi leo hatujakubaliana, na hatuna mpango wa kuirudia ili tukubaliane.

Hivi sasa nikienda kwao kuna utaratibu mpya. Kila mtu anapiga anachokipenda kweli, na asiyekipenda anasema. Na hapo ndipo tumegundua kwamba mimi na Mzee Salum hatupatani karibu kwenye chochote. Juzi nimempelekea bendi yangu ninayoipenda kuliko zote, safari hii kweli, akasikiliza nusu, akaniuliza kama hawa vijana walikuwa wamekula siku ile. Akaenda zake dukani. Na yeye akiweka taarabu yake ya dakika kumi na tano, mimi natoka nje kumsaidia mama kuanua nguo, na sasa nguo zipo kweli.

Tunabishana kila mwezi. Ila ameacha kuniita mteja.

Nilichojifunza ni kidogo tu, wakuu. Ukimpa mtu kitu, kiseme kilivyo. Na kama kuna jambo unalivumilia kwa ajili ya mtu unayempenda, muulize kwanza, huenda naye analivumilia kwa ajili yako.

Mvua imepungua, naona watu wanaanza kupita. Nawaachia uzi.

Nyie mnaopenda muziki wa zamani, semeni bila woga, ni msanii gani ambaye kila mtu anamsifia na wewe akianza tu unatafuta mlango? Na kuna aliyewahi kupewa zawadi akaikubali kwa tabasamu la uongo? Iliishaje?

Santuri yenyewe nilirudi nayo, iko hapa dukani kwenye rafu, juu ya mipira ya breki. Anayeitaka aje Kasulu achukue bure. Ni mbaya sana, nawaambia mapema.